Ngano inayowahi na ngano inayojaza gunia: mambo niliyoona kati ya Kibumba na Lubero

Hapa Goma ukisema unalima ngano watu wanacheka kwanza, juu kwao ngano ni ile mifuko ya unga inashushwa mu madepo ya Birere, inaenda kwa wachoma mukate na kwa mamama wa mandazi, basi imeisha. Siwalaumu, Kongo inanunua inje karibu ngano yote inayokula, njo maana 2022 vita ya Ukraine ilipoanza mukate ukapungua na bei ikapanda tena. Lakini kule Lubero, ku milima, ngano iko tangu wakati wa Wabeleji, na upande wa mama yangu ni kule, kwa hiyo mi nilikua nikijua ngano ni mumea, ina majani, ina magonjwa, ina maadui wa kuruka. Kwa miaka sasa nalima vipande vidogo Kibumba, hapa juu ya Goma, na mama mudogo analima kule Lubero, tunapeana mbegu barabara ikiwa wazi, tunapigiana simu ikifungika, tunabishana siku zote. Kitu tunabishania zaidi ni hiki: nini inafanya ngano iwahi kuiva, na nini inafanya ijaze gunia. Watu wanadhani ni kitu kimoja na kinauzwa mu mufuko wa angre, ile mbolea ya dukani. Hapana. Ni vitu viwili, na mara nyingi vinavutana.

Kwanza niseme kwa nini kuwahi kuna maana kwetu, juu mutu wa inchi kavu anaweza kudhani ni haraka ya bure. Tuko na sezoni mbili, sezoni A inaanza mwezi wa tisa inaenda mpaka wa kwanza, sezoni B inaanza mwezi wa pili inaenda mpaka wa sita, na kiangazi cha kweli ni kidogo tu, kuanzia mwezi wa sita mwisho mpaka wa nane. Ngano inapenda mvua wakati inakua lakini wakati punje imeshakauka haitaki ata tone. Mvua ikiipata imeiva na bado imesimama, punje zinaanza kuota humo humo mu suke, unaona vizizi vyeupe vinatoka, na ata zile ambazo kwa macho ziko sawa wanga wake umeshaanza kuvunjika kuwa sukari, ukisaga unga unakuwa wa kunata, mukate katikati unabaki sawa vile haujaiva. Kwa hiyo ukipanda sezoni A mbegu inayochelewa, unaangukia mu mvua za mwezi wa pili na wa tatu, umekula hasara na shamba bado lina ngano wakati jirani anapanda maharagwe. Sezoni B ni afazali, ukipanda mwezi wa tatu unavuna kiangazi kimeingia, lakini hapo tena ukichelewa sana mvua inakatika wakati punje bado ni maziwa, unavuna makumbi, maganda matupu. Mama mudogo kila nikimuonyesha mbegu mpya haulizi itatoa gunia ngapi, anauliza, "Mwanangu, hii itatoka lini?" Nilikuwa naona ni swali la wazee, sasa mi mwenyewe njo swali naanza nalo.

Sasa, lini itatoka, hiyo mbegu njo inaamua. Angre inasogeza siku chache huku ao kule, haiwezi kugeuza mbegu ya kuchelewa kuwa ya kuwahi. Hili nililiona wazi kabisa kupitia padri mumoja mutu wa kwetu, alirudi kutoka Ulaya na mufuko mudogo wa ngano nzuri, punje nene, akatuachia tuijaribu. Ikaota vizuri sana. Ikatoa majani. Ikaongeza majani, ikajaa chini sawa majani ya ng'ombe, kijani mpaka watu wa njia wanasimama kuangalia, na hapo njo ikaishia, sezoni nzima hakuna suke. Ngano nyingi ya Ulaya ya kaskazini inapandwa kabla ya majira ya baridi na haiwezi kutoa suke mpaka ipitishe wiki kazaa kwenye baridi kali, kama ile ya frigo, kati ya digri sifuri na saba nane hivi. Milima yetu usiku inatetemesha mutu lakini baridi ya namna hiyo hakuna. Tena kuna jambo la urefu wa mchana: ngano ya huko mingi inangoja mchana urefuke, masaa 14 na zaidi, njo ijue wakati umefika. Lubero iko karibu kabisa na mustari wa ikweta, mchana wetu ni masaa 12 Noeli na 12 mwezi wa sita, ile ngano ingengoja mpaka leo. Mbuzi za mama mudogo zilishukuru.

Mbegu zinazofaa kwetu ni zile hazina habari na baridi wala na urefu wa mchana, na nyingi zina damu ya kazi ya Norman Borlaug, Mumarekani aliyekuwa anatengeneza mbegu za ngano kule Mexico. Yule muzee alitaka kuenda haraka tu, akawa analima vizazi viwili kwa mwaka, kimoja mu bonde la Yaqui huko kaskazini, kingine juu Toluca karibu na muji mukuu, mwinuko tofauti, mchana tofauti, na kila mumea uliokataa sehemu moja aliutupa. Zilizobaki zikawa ngano ambazo unaweza kuzipanda karibu popote. Akaongezea ndani yake ufupi wa ngano ya Japani iitwayo Norin 10, nitarudi ku ufupi. Alipata tuzo ya Nobel ya amani 1970. Watu wanamusifia kwa magunia, mi mukulima wa ikweta namushukuru kwa kalenda.

Hata ndani ya hizo mbegu zinazotufaa bado kuna zinazowahi na zinazochelewa, na kuna njia rahisi ya kujua ni ipi ni ipi bila kungoja mavuno: hesabu majani ya mushina mukubwa. Funga uzi mwekundu ku mimea kazaa tangu ikiwa midogo, kila jani likitoka unaandika. Inayowahi inatengeneza majani saba nane halafu jani la mwisho, lile la bendera, linatoka na suke nyuma yake. Inayochelewa inaenda mpaka tisa, kumi, ata zaidi. Na kila jani lina bei yake ya joto, takriban digri 100 ukijumlisha joto la kila siku, kwa hiyo mahali ambapo wastani wa siku ni digri 16 jani moja linaomba kama siku sita. Majani mawili zaidi, umeshapoteza karibu wiki mbili kabla ya suke kutoka. Hesabu hii ilinifungua macho pia juu ya mwinuko, maana mbegu ile ile, tumegawana mu gunia moja, kwangu Kibumba inatangulia ya mama mudogo ambaye shamba lake liko juu zaidi, na yeye kila mara ananiambia nimeiwekea dawa. Hakuna dawa, ni joto tu. Kwa hiyo mutu akikuambia "hii ni ya miezi mitatu na nusu" muulize, mwinuko gani? Ya miezi mitatu na nusu chini inaweza kuwa ya minne na zaidi kule juu kwenye ukungu.

Haya, angre. Hapa njo watu wanachanganya sana.

Zinazouzwa kwetu ni DAP, urea, na ile NPK ya 17-17-17, yaani azoti, fosfori na potasi, 17 kila moja kwa kilo mia. DAP ina azoti (nitrojeni) 18 na fosfori 46 kwa kilo mia, urea ni azoti peke yake 46. (Kwenye mufuko fosfori inaandikwa kwa namna ya P2O5, kwa hiyo ile 46 si fosfori tupu, fosfori tupu ni kama 20, lakini kila mutu anahesabu kwa ile ya mufuko, tuendelee nayo.) Mutu akitaka ngano yake iende haraka anakimbilia urea, juu urea inaonekana, unanyunyiza leo na mvua ikipiga, baada ya wiki shamba limegeuka kijani cha kuvuta macho, anasema ona inakimbia. Inakimbia kuongeza majani! Azoti inafanya majani yabaki mabichi muda murefu, inaongeza vitawi, ile mishina ya pembeni inayotoka chini ya mumea, na vitawi vya nyuma vinatoa masuke ya nyuma, kwa hiyo siku ya kuvuna unakuta suke hili limekauka na lile la pembeni bado lina maziwa. Jirani mumoja Kibumba aliimwagia urea mara ya mwisho masuke yameshaanza kutoka, alitaka iive pamoja na yangu. Yangu ilivunwa, yake ikabaki kijani imesimama peke yake, na hapo sezoni ilikuwa inageuka. Mbegu ilikuwa moja. Azoti ya kuchelewa hivyo kama mumea bado una maji inaenda mu protini ya punje, unga unakuwa na nguvu zaidi, wachoma mukate wanapenda, lakini haiongezi sana punje na haiwahishi kitu.

Kinachowahisha ni fosfori, na hii watu hawaioni juu haionekani. Ngano ikikosa fosfori mwanzoni inakaa, imedumaa, majani kijani cha giza na pembeni yanaelekea zambarau, vitawi havitoki, mizizi mifupi, na kila hatua inachelewa. Ukiipa, mizizi inashuka mapema, vitawi vinatoka kwa pamoja, na suke linatoka mapema. Kwangu Kibumba nilitenga vipande, kimoja DAP mu mustari chini ya mbegu, kingine urea tu ya azoti sawa, kingine bila kitu, na kile cha DAP kilitoa masuke mbele ya vyote, si siku moja mbili, inakaribia wiki, na kilipendeza juu masuke yalitoka yote pamoja. Sababu ya tofauti kuwa kubwa namna hiyo ni udongo wetu. Watu wa Goma tunajisifia udongo wa volkano, na kweli Nyiragongo inatupa potasi ya kutosha, lakini udongo huu mweusi una tabia ya kushika fosfori na kutoiachilia, ukimwaga DAP ovyo juu ya shamba udongo njo unaikula, mumea unabaki unaangalia. Kwa hiyo ni mu mustari, karibu na mbegu, udongo kidogo katikati, na mbolea ya ng'ombe iliyooza ukiwa nayo, maana ile mbolea inasaidia fosfori isishikwe yote. Kwa mama mudogo udongo ni mwekundu na una asidi, nao unashika fosfori, kwa sababu zingine, na mahali asidi imezidi sana mizizi ya ngano inachomwa na alumini, inakuwa mifupi na minene, hapo ata DAP haisaidii mpaka uweke chokaa. Yeye anamwaga majivu ya jikoni, yanatosha kwa kipande kidogo karibu na nyumba, si kwa mulima muzima.

Sasa kuna kuwahi kwingine ambako ni uongo, na huku njo kunadanganya wengi. Kile kipande changu bila kitu: kilichelewa kutoa suke lakini kikatangulia kukauka! Wageni walipita wakasema kumbe bila angre njo inaiva haraka. Angalia suke lenyewe, fupi sawa kidole, punje nyembamba. Ngano yenye njaa ya azoti inanyonya majani yake yenyewe ili ijaze punje, majani yanakuwa njano kuanzia chini, yanakufa, punje inabaki bila mutu wa kuilisha na inakauka. Ukame nao unafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo mutu akisema aina fulani inawahi, kabla ya kununua uliza suke lilitoka lini, maana siku ya kutoa suke inasema habari ya mbegu, siku ya kukauka inaweza kuwa inasema habari ya njaa. Mi naandika siku ambayo nusu ya masuke ya kipande yameshatoka yote inje, ile njo tarehe yangu, siku ya kukauka naiandika pembeni.

Tuje ku gunia. Gunia linatengenezwa na vitu vitatu tu: masuke mangapi mu metre carrée moja (mita moja ya mraba), punje ngapi mu suke, na kila punje ina uzito gani. Chukua masuke 300, punje 30 kila suke, ni punje 9000; punje elfu moja za ngano nzuri ni kama gramu 40, basi hiyo ni gramu 360 kwa metre carrée, kilo 36 kwa ari moja (metre carrée mia), tani 3,6 kwa hektari. Mama mudogo nilipomufanyia hesabu hiyo juu ya mukeka alinyamaza halafu akasema basi yake inaibiwa. Tukaenda kuhesabu shambani kwake na masuke yalikuwa hayafiki ata nusu ya hayo, alipanda kwa kurusha na mukono, huku msongamano, huku uwazi, na mumea wenye nafasi haukuwa na chakula cha kutoa vitawi. Mwizi amepatikana.

Na kila kimoja ya hivyo vitatu kina saa yake ya kuamuliwa, na ikipita imepita. Masuke yanaamuliwa wakati wa vitawi. Idadi ya nafasi za punje mu suke inaamuliwa mapema sana, suke likiwa bado limejificha chini kabisa ndani ya mushina, mumea bado unaonekana majani tu. Agronomu mumoja alinionyesha: anang'oa mumea, anapasua mushina mukubwa kwa wembe kuanzia chini, na ndani unakuta suke dogo jeupe la kung'aa. Ncha yake ikifika santimetre moja juu ya kitako cha mushina, wao wanaita epi santimetre (epi ni suke kwa Kifaransa), njo dakika ya mwisho ya kuweka urea yenye faida kubwa. Tangu siku ile natembea na wembe mufukoni, na nimeacha kufuata kalenda ya watu ya kusema "wiki ya sita weka urea", juu wiki ya sita kwa mbegu inayowahi suke limeshapanda na kwa inayochelewa bado kabisa.

Hapo njo mbegu na angre vinakutana, na hapa njo nimejifunza kitu ambacho sikukisikia kwa muuzaji yeyote. Mbegu inayowahi ina muda mufupi, haina nafasi ya kutoa vitawi vingi, kwa hiyo ukiipanda kwa kipimo kile kile cha mbegu inayochelewa na kugawa urea kwa mafungu matatu polepole, itakuangusha, utasema aina za haraka hazizai. Haizai juu umeilisha baada ya muda wake wa kula kuisha. Inayowahi naipanda karibu karibu, kilo moja na nusu kwa ari badala ya kilo moja na robo hivi, DAP yote chini, na urea naitanguliza, fungu kubwa mara tu vitawi vinaanza. Inayochelewa inavumilia kupandwa mbali kidogo, inajaza yenyewe, na urea naikata mara mbili, kidogo ku vitawi, nyingi ku epi santimetre. Kwa namna hiyo tofauti ya magunia kati ya hizo mbili imepungua kwangu, inayochelewa bado inashinda mvua ikienda mpaka mwisho, ina majani mengi na muda murefu wa kujaza, hakuna ubishi. Lakini mwaka mvua imekatika mapema ile ya haraka ilitoa zaidi, kabisa, na nyingine punje zilikuwa nyepesi mpaka mu lungo zinaruka na makumbi.

Kipimo chenyewe, kwa ambao wanauliza: robo ya hektari, ari 25, naweka kilo 25 za DAP na kilo 25 za urea, jumla ni azoti kilo 16, ukiizidisha kwa hektari ni 64. Tani moja ya punje inabeba ndani yake karibu kilo 20 za azoti, na majani nayo yanachukua yake, kwa hiyo mutu anayeweka kilo tano za urea mu robo hektari na kungoja tani tatu kwa hektari anangoja udongo ulipe deni. Kama ulitoa maharagwe sezoni iliyopita na ukaacha mabaki shambani, punguza urea. Kama ulitoa mahindi, usipunguze. Na urea usiinyunyize juu kavu jua linawaka ukaenda nyumbani, inageuka hewa, ile harufu ya kuchoma pua ni pesa yako inapanda mbinguni. Ngoja mawingu ya kweli ao ifunike na jembe. Usiiweke pia pamoja na mbegu mu mustari, inachoma mizizi midogo.

Juu ya kununua, we unajua soko letu. Wanauza kwa kilo kutoka mu mufuko uliofunguliwa, na hiyo urea imeshakunywa unyevu, imegandana, ao imechanganywa. Mi nachukua kijiko, natia mu glasi ya maji, nakoroga huku nimeshika glasi: urea ya kweli inayeyuka yote na glasi inakuwa baridi mukononi. Kilichobaki chini ni mchanga ao takataka ya mutu mwingine. Kuna mahali nilifanya hivyo muuzaji akaniomba niende kwa duka lingine, basi nikajua.

Nilisema nitarudi ku ufupi. Mbegu za zamani za Lubero ni ndefu, zinafika kifuani, na wazee wanazipenda juu majani yake ni ya kulalia na ya kulisha mbuzi. Ukizipa azoti zinarefuka zaidi, suke linakuwa zito, upepo wa jioni mumoja na mvua ya mawe, zote chini. Ngano iliyolala inaoza, panya wanapita chini yake, na punje hazijai. Kwa mbegu ndefu angre ina mwisho wake wa karibu, ukivuka unapoteza. Zile fupi za damu ya Norin 10 zinasimama, njo maana zinaweza kula urea nyingi na kuigeuza punje. Kwa hiyo mutu mwenye mbegu ya zamani asijilinganishe na karatasi ya angre ya mbegu mpya. Na jambo lingine, shamba lililojaa majani ya azoti linabaki na umande mpaka saa tano asubuhi, na kutu ya njano, ugonjwa wa kuvu wa majani, inapenda hivyo hivyo, baridi na unyevu. Kutu nyeusi ya mushina nayo tunaiogopa zaidi, ile aina mbaya ya Ug99 ilionekana kwanza hapa karibu kabisa, kusini magaribi ya Uganda, 1998. Mbegu inayowahi wakati mwingine inaponea kwa kuwa imeshajaza punje wakati kutu inafika, lakini kuponea si kinga, mbegu isiyo na kinga mwaka mubaya itapigwa ata ikiwahi.

Halafu ndege. Hii hakuna karatasi ya agronomu niliona imeiandika vizuri. Ukiwa peke yako mulima muzima na ngano iliyoiva, ndege wote wa mulima ni wako! Mama mudogo alipopanda mbegu ya haraka mara ya kwanza alikuwa wa kwanza kuwa na punje laini, na walishuka kama mvua, watoto wa ukoo wote walishinda shambani wanapiga makopo, walimu wakaanza kuuliza watoto wako wapi. Mavuno yalikuwa kidogo kuliko ya mbegu ya zamani, na jirani mpaka leo wanasema mbegu ile haizai. Inazaa, ililiwa. Sasa wamepatana familia kazaa upande ule wapande ile ile, siku zile zile, ndege wanagawanyika, kila mutu anapoteza kidogo.

Njo maana naomba watu wanaolinganisha mbegu wafanye kwa haki kidogo. Usipande mpya karibu na kizizi cha mbuzi na ya zamani kule kwenye mawe. Rudia kila moja sehemu tatu nne za shamba, changanya, usipange zote upande mumoja. Usivune mustari wa pembeni, ule una jua na chakula cha zaidi unadanganya. Pima punje zikiwa kavu sawa, meno yakivunja punje na kusikia "ta!" ni sawa, ikibonyea bado, na hiyo bado ina maji unayoyauza kwa kilo na baadaye itaota kuvu mu gunia. Na usitoe hukumu sezoni moja, maana sezoni moja inahukumu mvua.

Mbegu hazivuki kirahisi siku hizi, barabara ya Kanyabayonga, ile ya kutoka hapa kuenda Lubero, inafungika mara kwa mara, kwa hiyo mama mudogo anajichagulia: anapita shambani kabla ya mavuno na uzi, anafunga masuke ya mimea iliyotangulia na iliyojaa yote mawili, si iliyotangulia tu, yanapigwa kando juu ya bashi (turubai) yake, yanahifadhiwa mu bidoni (dumu) iliyofungwa na majivu kidogo. Ngano inajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, haichanganyiki ovyo sawa mahindi, kwa hiyo anachochagua njo anachopata. Sezoni B hii amegawa shamba, chini ambako mvua inakatika mapema ameweka ya haraka, karibu karibu, DAP mu mustari, na juu kwenye ukungu ameacha ile ndefu ya kuchelewa na urea kidogo tu, anasema mbuzi nazo zinakula. Nilimwambia ya juu ingekuwa afazali aiweke fupi. Amekataa.